Jibu Lililochelewa Ngojani

Kuna nchi zinazojulikana kwa dhahabu yake, nyingine kwa mvua yake, nyingine kwa ukali wa wafalme wake. Nchi ya Ngojani inajulikana kwa kungoja. Wenyeji wake hawaoni ajabu. Mtoto akizaliwa huko, wazee humwombea apate kiti kizuri.

Mbaruku bin Fumo alifika Ngojani akiwa mtu mzima, mwalimu aliyestaafu, mwenye mvi pembeni mwa masikio. Alikuwa mgane. Watoto wake walikuwa wameshika miji yao na mambo yao, nao walimkumbuka sikukuu kwa sikukuu. Alikuwa ameanza kusafiri kwa sababu nyumba yake ilinyamaza mno, na alikwisha kugundua kwamba ukimya wa nchi ngeni hauumi kama ukimya wa chumba unachokijua.

Alifika na kiu. Kando ya barabara palikuwa na kijito cha maji maangavu, lakini hakujua kama yananyweka. Akamsimamisha mpita njia, akamsalimu, akamwuliza.

"Maswali huulizwa kule," yule mtu alijibu, akinyoosha kidole kwenye nyumba nyeupe juu ya kilima. "Nyumba ya Majibu. Ni ya watu wote, hulipi kitu."

"Lakini wewe si mwenyeji? Huyajui maji ya kwenu?"

"Nayajua sana," alisema yule mtu, "ila mimi siyo Nyumba ya Majibu." Akaenda zake.

Mbaruku akapanda kilima. Ndani ya ukumbi aliona viti vimepangwa, kila kimoja peke yake, vyote vikitazama ukuta mmoja. Watu walikuwa wamekaa. Aliposema "Salaam aleikum" hakuna aliyegeuka, isipokuwa bibi mmoja aliyeweka kidole mdomoni. Ukutani palikuwa na dirisha dogo lenye pazia. Mbaruku akasogea, akauliza swali lake la maji, sauti yake ikamezwa na pazia. Papo hapo mtu mrefu mwenye kanzu nyeupe akainuka pembeni, akakunjua mikono, akaanza kuzunguka pale pale aliposimama kama pia ya mtoto. Alizunguka bila kusema, amefumba macho. Wote waliokuwa wameketi wakamkazia macho.

Mbaruku akaketi, akangoja. Kiu ikamzidi. Hatimaye mlango wa ndani ukafunguka, akainuka kwa furaha, kumbe ni bendera. Ilikuwa bendera ya Nyumba, kubwa kuliko tanga, nayo ilipitishwa mbele yake taratibu, mwanzo hadi mwisho. Ikaja picha ya mlima wenye theluji, imebebwa na wanaume wengi wanaotoka jasho. Wakaisimamisha kwa muda wa kupepesa macho, wakaondoka nayo. Wakaja wabeba taa, ingawa ilikuwa mchana. Akaja mwenye marashi. Halafu wakaja vijana wawili waliovaa sawasawa, wakamsogelea karibu mno.

"Je, unakubali kufuatwa?" aliuliza mmoja.

"Kufuatwa na nani?"

"Na sisi, na wenzetu. Tujue unakwenda wapi na unapenda nini."

"Sikubali," alisema Mbaruku.

"Basi tutakuuliza tena," walisema kwa adabu, wakampisha bibi mwenye sauti nyororo aliyetaka kujua kama ameridhika na jibu.

"Sijalipata bado, mama yangu."

"Ahsante kwa maoni yako," alisema yule bibi, akapita.

Mwisho kabisa, nyuma ya wote, akaja mchukuzi mmoja na kipande cha kitambaa kisichozidi leso. Kiliandikwa kwa mkono mzuri: *Maji ya kijito yanyweke baada ya kuchemshwa.* Mbaruku alikisoma mara mbili. Kilikuwa jibu jema, fupi, la kweli, tena lililoandikwa na mtu aliyejali. Hilo ndilo lililomshangaza kuliko bendera.

Mzungukaji alikuwa amesimama sasa, ameshika ukuta, anahema.

"Kaka, kazi yako ni nini hasa?" Mbaruku alimwuliza.

"Mimi ni Pia wa Nyumba. Jina langu Kombo, lakini haliitwi na mtu. Nikizunguka, watu wanajua kwamba jibu linakuja."

"Na wewe unajua kama linakuja?"

Kombo alifikiri. "Hapana," alisema. "Mimi huzunguka tu. Siku moja mlango wa ndani ulikwama kutwa nzima, nami nikazunguka kutwa nzima. Waliniletea uji."

Mbaruku alitaka kumjua aliyeandika kile kitambaa. Kombo akampeleka nyuma ya ukuta, kwenye ghala refu lenye rafu hadi darini, na katikati ya rafu zile alikuwapo mwanamke mmoja, miwani puani, sindano mkononi, akishona ukingo wa kitambaa kilichochakaa. Aliitwa Bi Mishi. Alikuwa Mtunzaji wa Nyumba. Alipoambiwa kwamba kuna mgeni aliyekuja kumwona yeye na hana swali, aliitafuta kanga yake kwa haraka kama mtu aliyefumaniwa.

"Karibu," alisema. "Samahani, hakuna kiti. Hapa nyuma hawaji watu."

Akamchemshia maji, akamtilia chai, na kwa kuwa alikuwa hajaongea siku nyingi, alipoanza hakujua pa kukomea. Nyumba ile, alisema, waliianzisha watu wachache mwaka wa maradhi makubwa, pale ilipoonekana kwamba watu walikuwa wanakufa kwa kukosa neno moja tu la kuwafaa. Kila mmoja alileta alichokijua, wakakiandika. Hawakuwa na ukumbi wala bendera. Ulikuja mlangoni, ukauliza, na kabla hujamaliza swali ulikuwa umeshika jibu lako mkononi. Sifa zikaenea. Watu wema wakaanza kuleta zawadi: huyu bendera, yule taa, yule mlima wake wa theluji. Kila zawadi ilikuja na wabebaji wake, na wabebaji wa taa hawakuweza kutoka kabla ya mwenye mafuta, na mwenye mafuta alimtegemea mwenye tambi za taa, ambaye alikaa nchi nyingine na hakuna aliyewahi kumwona.

"Kwa nini msikatae?"

"Mkono unaotoa utaukataaje, Bwana Mbaruku? Walikuwa wanatoa bure. Halafu Baraza la Wachangiaji likapitisha sheria: kilichotundikwa hakitunguliwi. Na wenzangu mmoja mmoja wakaondoka. Mwingine aliolewa mbali, mwingine alichoka, mwingine alianzisha nyumba yake. Nimebaki mimi na vitambaa."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Nje, kwenye vilima vya jirani, Mbaruku alikuwa ameziona nyumba nyingine nyeupe zilizofanana na hii, milango wazi, majani yameota vizingitini. Sasa akaelewa ni za nani. Sheria ya Ngojani ilimruhusu yeyote kuiiga Nyumba nzima na kuijenga upya kwa mkono wake. Wengi walifanya hivyo kwa hasira, kila mmoja akawa mtunzaji wa peke yake kwa msimu mmoja, kisha akaondoka bila kuaga kwa kuwa hapakuwa na wa kumuaga.

Akakubali kukaa siku chache. Alijiambia ni kwa ajili ya mguu wake uliovimba kidogo, ila mguu haukuwa na shida kubwa. Ilikuwa ni muda mrefu tangu mtu amtilie chai bila yeye kuomba.

Alikuwapo basi asubuhi ile alipoingia msichana mmoja mbio, kanga imefunguka, magoti yana vumbi. Hakutazama viti. Alikwenda moja kwa moja dirishani akapaza sauti: "Baba ameumwa na nyoka! Kwenye kifundo cha mguu! Tufanye nini?"

Kombo akaanza kuzunguka.

Ndani, Bi Mishi alisikia neno "nyoka" na mkono wake ukakivuta kitambaa kabla neno halijaisha. Mbaruku alimwona. Jibu lilikuwa tayari. Lakini kichochoro kilichotoka ghalani kwenda ukumbini kilikuwa chembamba, na bendera ilikwisha kuingia mbele, na mlima, na taa. Bi Mishi akalikabidhi jibu kwa mchukuzi wa mwisho, naye akasimama nyuma ya mgongo wa aliyemtangulia.

Msafara ukatembea, kisha ukasimama kwenye kona ya ua. Hapo palikuwa na kigoda kitupu na chetezo. Kiongozi wa wabebaji akawasha kijiti cha udi, akakichomeka. Wote wakatulia, wakikitazama kikiteketea.

"Wanangoja nini?" Mbaruku aliuliza.

Bi Mishi alikuwa amegeuza uso.

Ukumbini msichana alikuwa analia. "Semeni basi! Kama hamjui, semeni hamjui!" Akamshika Kombo bega, Kombo akayumba, akaendelea kuzunguka kwa sababu hakujua jambo jingine la kufanya. Bibi wa vitini akaweka kidole mdomoni. Msichana akawatazama wote, mmoja mmoja, akasema kwa sauti ya chini kuliko kilio, "Basi nitamtembeza hivyo hivyo hadi kwa mganga," akatoka.

Udi ulipokwisha, msafara ukaendelea. Ikaja bendera mbele ya kiti kitupu. Ukaja mlima. Bibi mwenye sauti nyororo akakiuliza kiti kama kimeridhika. Mwisho likafika jibu, na Mbaruku akalisoma yeye: *Asitembee hata hatua. Mguu utulie. Mbebeni hospitali haraka.*

Alitoka mbio na kitambaa mkononi, licha ya mguu wake mbovu. Chini ya kilima njia iligawanyika ikaenda pande nyingi, vumbi limetulia juu ya zote. Aliita. Aliingia njia hii, akarudi, akaingia ile. Watu aliowauliza walimwonyesha nyumba nyeupe juu ya kilima.

Hawakupata kujua habari za mzee yule. Hilo ndilo jambo la Ngojani ambalo Mbaruku alishindwa kulizoea: anayeondoka kabla ya jibu harudi kusema kilichompata.

Alimwomba Bi Mishi aitishe Baraza. Wachangiaji wakaja kutoka mbali, wengine wakiwa wameleta zawadi moja miaka mingi nyuma na hawajawahi kuuliza swali lolote pale tangu kuzaliwa. Mwenyekiti alikuwa Bwana Ngwali, mtu mpole, mwenye tasbihi, aliyewapenda wote waliokubaliana.

Jambo la kwanza kujadiliwa lilikuwa rangi ya kanzu ya Pia.

"Weupe unawachosha macho wanaongoja," alisema mjumbe mmoja. "Napendekeza kijani."

"Kijani kipi?" aliuliza mwingine. "Cha mgomba au cha kasuku?"

Wakabishana hadi jua likahama dirisha. Kombo alikuwa amesimama mlangoni, hakuna aliyemwuliza. Mjumbe wa mwisho alitaka Pia azunguke kwa upande wa kushoto, kwa kuwa ndivyo zifanyavyo sasa nchi zilizoendelea. Kikapita kijani cha mgomba.

Ndipo Mbaruku akapewa nafasi. Akawaeleza habari za msichana, kwa utulivu, kama alivyokuwa akieleza somo. Kisha akainuka Bwana Vuai, Mpimaji wa Baraza.

"Masikitiko yetu kwa huyo binti," alisema. "Lakini mimi hupima kila siku, na nasema mbele yenu: kwangu mimi jibu hufika kabla sijakaa vizuri."

"Kwako ni wapi, bwana?"

"Nakaa chumba cha pili kutoka ghalani."

"Na wanaotoka mbali?"

"Hao nao nimewapima. Nimewauliza mlangoni, wakiwa wanatoka na majibu yao. Wote wameridhika."

"Na wale walioondoka bila jibu?"

Bwana Vuai alimtazama kwa huruma ya kweli. "Ndugu mgeni, mtu ambaye hayupo nitamwulizaje?"

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kukubali. Kijana mmoja akasema dawa ni kuivunja Nyumba yote na kuijenga upya kwa vioo, kwani mawe yamepitwa na wakati. Akapigiwa makofi mengi, maana hakusema ni nani atakayejenga. Mwingine, aliyetoa mlima wa theluji, alisema anahisi kuna watu hawathamini milima. Bwana Ngwali akasokota tasbihi yake.

"Hoja ya mgeni tumeipokea," alisema.

"Mtaifanya nini?"

"Tumeipokea," alirudia Mwenyekiti kwa upole. "Na kama haitoshi, ndugu yangu, vilima viko tele. Jenga nyumba yako."

Wakala pilau iliyopikwa na Bi Mishi, wakaisifu, wakaondoka.

Mbaruku akamkuta Bi Mishi uani akisugua sufuria. Akashika sufuria nyingine, akaanza kusugua naye.

"Nilikwambia," alisema Bi Mishi.

"Ulinambia. Lakini nimesikiliza ile sheria yenu vizuri. Inasema kilichotundikwa hakitunguliwi. Haikusema nani atangulie. Bendera ibaki, mlima ubaki, taa zibaki. Jibu lipite kwanza. Anayetaka mlima akae, auone baadaye kwa raha zake."

Bi Mishi akaacha kusugua. Ilikuwa hoja nyepesi mno, na usoni mwake ilionekana kwamba si mara ya kwanza kumpitia.

"Hata likitangulia," alisema polepole, "litasimama kwenye kona. Kila kitu husimama kwenye kona."

"Ndiyo. Na ile kona hujaniambia."

Bi Mishi akafuta mikono, akamwongoza hadi penye kigoda kitupu, akasimama mbele yake bila kukaa.

"Alikuwa anaitwa Shomari. Hakuwa mume wangu, usije ukafikiri hivyo, wala hatukuwa ndugu. Alikuwa mwenzangu wa kazi. Wote walipoondoka, alibaki yeye. Alipiga zumari. Alisema mtu anapongoja na hofu yake asiachwe na kimya kitupu, asikie kwamba ndani kuna mtu. Msafara ulikuwa ukifika hapa unamngoja achukue zumari yake, kwa kuwa alikuwa mzito wa kuinuka." Akacheka kidogo. "Ikawa desturi. Akaumwa, wakawa wanamngoja. Akafa, na hakuna aliyewaambia waache. Wabebaji wa siku hizi hata hawamjui. Wanajua tu kwamba hapa huwashwa udi."

"Lakini wewe unajua."

"Najua. Kungoja hapa ndicho kitu kirefu kuliko vyote katika msafara huu. Ningeweza kukiondoa kwa neno moja, na sihitaji Baraza. Nikiwaambia wasimngoje, Bwana Mbaruku, ni nani tena atakayekuwa anamngoja?"

Mbaruku akakaa juu ya jiwe.

"Mke wangu alipofariki," alisema baadaye, "niliacha mlango wa uani bila komeo. Ndiyo njia aliyokuwa akirudia kutoka kisimani. Nilijua harudi. Lakini kulitia lile komeo, mkono ulikataa. Nikaacha hivyo mwaka mzima."

"Ikawaje?"

"Kuku wote wakaibiwa."

Bi Mishi akaangua kicheko, kicheko kikubwa kilichowafanya wabebaji watokeze vichwa kichochoroni, kisha kikageuka katikati, akaketi juu ya kile kigoda akalia. Mbaruku alitazama pembeni. Bi Mishi alipomaliza, alijifuta kwa ncha ya kanga, akawaita wabebaji.

"Sikilizeni, wanangu. Huyu mnayemwashia udi hapa alikuwa mtu. Alikuwa anaitwa Shomari, na alipiga zumari vizuri, ila mwishoni pumzi ilimpungukia. Amekufa. Msimngoje tena."

Wabebaji wakatazamana. Kiongozi wao akakichomoa kijiti cha udi kwenye chetezo, hakujua akiweke wapi, akakishika tu mkononi.

Ikabaki nani alipeleke jibu. Wabebaji walikuwa watu wa kutembea kwa madaha. Hakuna aliyejua kukimbia. Mbaruku akamwendea Kombo.

"Mimi?" Kombo alishtuka. "Nikiwa sipo ukumbini, watu watajuaje kwamba jibu linakuja?"

"Watajua kwa kuliona."

Kombo aliumia moyoni. Alisema kazi ile aliirithi kwa baba yake. Alisema hata sasa akilala miguu huzunguka. Lakini alikuwa bado ana alama ya kucha za msichana yule begani, na yeye ndiye aliyekuwa karibu naye kuliko wote akashindwa kumsaidia. Akakubali.

Wa kwanza kuja alikuwa mfugaji, mbuzi wake amevimba tumbo. Akauliza dirishani. Bi Mishi akavuta kitambaa. Kombo akakipokea, akazunguka mara moja kwa mazoea, akajigonga kwenye rafu, kisha akanyoosha mbio kichochoroni. Mfugaji alikuwa bado anatafuta kiti alipoona mkono umemfikia na kitambaa.

"Hiki nini?"

"Jibu lako," alisema Kombo, akihema, meno yote nje.

Mfugaji alikigeuza kitambaa huku na huku kwa mashaka. "Ndilo lenyewe? Au kuna jingine linakuja nyuma?"

"Nyuma kuna bendera na mlima, ukitaka kukaa."

Mfugaji akasoma, midomo ikicheza. Akatoka bila kuaga, akikimbia kuelekea kwa mbuzi wake.

Siku zilizofuata wengi hawakuamini. Walipokea jibu wakalikunja, wakakaa kitini wangoje. Yule bibi wa kidole mdomoni alisema jibu lililokuja upesi namna ile haliwezi kuwa zito. Lakini vijana walizoea haraka, na baada ya muda mfupi hakuna aliyekumbuka kwamba mambo yaliwahi kuwa vinginevyo. Hapakuwa na aliyesema ahsante. Mtu humshukuru anayemtoa shimoni. Barabara isiyo na shimo haishukuriwi na mtu yeyote. Salamu pekee zilitoka kwa Bwana Ngwali, aliyetuma kanzu ya kijani cha mgomba na pongezi za Baraza kwa Baraza, kwa kuwa habari zimewafikia kwamba rangi mpya imeharakisha majibu. Kombo aliivaa. Ilikuwa nyepesi, ilifaa kukimbilia.

Wabeba mlima walirudi makwao kulima, wakawa wanakuja siku za sherehe tu. Ukumbi ukabaki mtupu. Watu waliingia wakatoka, na viti vikapata vumbi. Mbaruku alimwona Bi Mishi mara nyingi amesimama mlangoni, mikono kifuani, akisikiliza nyayo za mtu aliyemsaidia zikiteremka kilima.

"Zamani walau walikuwa wanakaa," alisema siku moja. "Nilikuwa nasikia wanavyokohoa."

"Unajuta?"

"Sijuti hata kidogo. Nasema tu kwamba walikuwa wanakohoa."

Mguu wa Mbaruku ulikuwa umepona kitambo, na hakuwa na kisingizio kingine. Alipoaga, Bi Mishi alichukua kanga yake ya kutokea, akamwachia Kombo funguo za ghala. Kombo alizishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

"Nakusindikiza," Bi Mishi alisema. "Kazi haitaki tena niwepo kila saa. Sikuwa na habari."

Wakateremka hadi sokoni, chini kabisa, mahali ambapo Mbaruku alipapita mara moja na Bi Mishi hakukumbuka mara ya mwisho alipakanyaga. Palikuwa na kelele, na moshi wa mahindi, na watu wanaokatana maneno. Mwanamke mmoja mnene alikuwa amekaa nyuma ya fungu la viazi vikuu, kisu mkononi. Kwenye ukuta wa kibanda chake, kimebandikwa kwa miiba, palikuwa na kitambaa kinachoeleza namna ya kuhifadhi viazi visioze. Bi Mishi aliutambua mwandiko wake mwenyewe.

"Karibuni, wageni," alisema muuza viazi. "Mmetokea wapi?"

Mbaruku akafungua kinywa ili amwambie huyu ni nani, ni mkono wa nani ulioandika maneno yale, na kwa miaka mingapi. Bi Mishi akamgusa mkono kidogo, naye akakifumba.

"Huyu anakwenda zake," alisema Bi Mishi. "Mimi ndiyo kwanza nimefika."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi kaa, dada, usisimame juani." Muuza viazi akasogeza makalio, akampisha kwenye gunia lake mwenyewe. "Mimi Mwanasiti. Unajua kumenya?"

"Nimesahau," alisema Bi Mishi, akakaa.

Mbaruku alitembea hadi mwisho wa soko kabla ya kugeuka. Kati ya vichwa vya watu aliwaona wale wawili, bega kwa bega juu ya gunia moja, Mwanasiti akizungumza kwa mikono yote miwili, na Bi Mishi ameinama juu ya kiazi, akikata maganda mazito kupita kiasi, akisahihishwa.